Bidhaa Bora ya Mwezi

Kibwana Shomari hakuwa na kiti. Hakuwa na mfuko wowote mwilini, kwa sababu sare za dukani zilishonwa bila mifuko ili kumwepusha mfanyakazi na vishawishi. Hakuwa na saa, maana saa ilikuwa moja tu, ya ukutani ofisini kwa meneja, na aliyeruhusiwa kuitazama ni meneja. Hakuwa na mkataba; aliambiwa unachapwa. Hakuwa na glasi yake ya maji, wala mahali pa kunawia uso, wala ruhusa ya kukohoa mbele ya mteja. Hakuwa na meno mawili ya juu, jambo lililompunguzia alama katika mtihani wa kutabasamu unaofanyika kila robo ya mwaka. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na ugomvi na mtu.

Alichokuwa nacho ni mke, binti mmoja aitwaye Siwema, mdogo wake Mrisho, na kazi ya kupanga rafu katika Maduka Makuu ya Kila Kitu Kipo.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Jina lake liko mbele ya kamati, na si adabu kulitumia kabla kamati haijamaliza chai. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, yenye bendera, na yenye duka moja. Zamani yalikuwepo maduka mengi madogo ya mitaani, ambako mtu aliweza kukopa sukari na kuulizwa hali ya mama yake. Serikali ikaona huo ni usumbufu kwa wananchi. Kila mji ukajengewa Kipo, jengo kubwa la vioo, na Mkuu wa Nchi akakubali kuwa Mwenyekiti wa Bodi, baada ya kujibembeleza mwenyewe kwa muda mrefu.

Sheria ya kwanza ya Kipo ni kwamba mfanyakazi hasemi "hakuna." Mteja akiuliza sukari, na sukari haijaonekana tangu mfungo wa Ramadhani, hujibiwa kwa tabasamu: "Kipo, kinakuja." Dawa ya malaria? Kipo, kinakuja. Choo cha wateja? Kipo, kinakuja. Wateja walizoea. Wengine walikuja na mikeka.

* * *

Kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa kulikuwa na paredi. Wafanyakazi walijipanga mstari kati ya sabuni na mafuta ya kupikia, wakaonyesha kucha, wakaonyesha meno, kisha Meneja wa Tawi, Bwana Elinawinga, akapanda juu ya kreti la soda na kuhutubia. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya uwanjani.

"Sisi ni nani?"

"Familia!"

"Familia inadai?"

"Haidai!"

"Familia inachoka?"

"Haichoki!"

"Mama yenu nani?"

"Mteja!"

"Baba yenu?"

"Mwenyekiti!"

"Na mimi?"

Hapo hapakuwa na jibu rasmi. Watu waliguna tu, kwa heshima.

Ilikuwa baada ya paredi moja ya namna hiyo Kibwana alipomfuata meneja kuomba ruhusa. Siwema alikuwa anaolewa Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, na kwa dini yao anayeozesha ni baba. Huketi mbele ya sheikh, akamshika mkono mkwe wake, akatamka maneno. Si maneno mengi. Lakini hayatamkwi kutoka kwenye rafu ya mchele.

"Ijumaa?" alisema meneja, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Mzee Kibwana, wewe ni familia. Sasa familia inaombaje ruhusa kwenda kwenye familia nyingine?"

"Ni binti yangu, bosi. Wa pekee."

"Mimi humu ndani nina wangapi? Umewahi kuniona nikiomba ruhusa?"

"Hapana, bosi."

"Harusi ina keki?"

"Ina pilau."

"Vitu vya pilau mmenunua wapi?"

"Hapahapa, bosi. Kwa bei ileile ya wateja."

Meneja akalainika. Alitazama dari, pale alipozoea kutazama anapotaka kuonekana anawasiliana na makao makuu. "Haya. Nusu siku. Bila malipo, na usumbufu utakatwa. Ila kwa sharti. Jumatatu ni hesabu ya mali. Nataka uwepo, na nataka utii."

"Nitatii, bosi."

Msomaji, alitii. Taabu yote ilianzia hapo.

* * *

Hesabu ya mali hufanyika mara moja kwa mwaka, asubuhi, milango ikiwa imefungwa. Hawaifanyi wenye duka, maana wenye duka wanajijua. Huletwa wakandarasi, na mwaka huo waliongozwa na Bi. Pulkeria, mwanamke makini aliyevaa miwani mbili, moja ya kuonea karibu na nyingine ya kuonea karibu zaidi. Kanuni yake ilikuwa fupi. Chenye kibandiko, kisomwe. Kisicho na kibandiko, kibandikwe. Kinachotembea, kiachwe.

Mwaka uliotangulia, paka wa stoo alikutwa amelala juu ya magunia. Alibandikwa, akaingizwa kwenye kundi la mazulia ya manyoya, na kufika adhuhuri alikuwa ameshauzwa. Tangu siku hiyo wafanyakazi walijiwekea desturi: siku ya hesabu hakuna kusimama tuli. Ukikosa kazi, tikisa mguu. Ukichoka mguu, tikisa bega. Ukiwachungulia kupitia vioo siku hiyo, ungedhani duka zima lina upele.

Lakini ulikuwepo pia Waraka wa Wimbo. Wimbo wa Kipo ukisikika kwenye vipaza sauti, kila mfanyakazi popote alipo asimame wima, mkono kifuani, bila kutikisika, mpaka ubeti wa mwisho. Wimbo huo ulitungwa na kamati, kwa hiyo ulikuwa mrefu.

Jumatatu ile, aliyekuwa kwenye chumba cha muziki akabonyeza kitufe kwa kiwiko. Wimbo ukalia katikati ya hesabu.

Wafanyakazi wote wakafanya wanavyofanya watu wenye akili katika nchi yenye nyaraka nyingi: walisimama wima huku wakipandisha na kushusha kisigino. Kibwana peke yake hakuzoea kutii nusunusu. Alikuwa ametoa ahadi. Alisimama kati ya pasi za umeme na mapangaboi ya kusimama, mkono kifuani, macho mbele, na hata pumzi aliivuta kwa kuiiba.

Bi. Pulkeria, ambaye kama mkandarasi hakuhusika na Wimbo, alimfikia kwenye ubeti wa nne. Akamtazama. Akavaa miwani ya pili, akamtazama tena.

"Na hiki walikisahau," alisema.

Skolastika, keshia wa kaunta ya tatu, alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Alitaka kusema, lakini wakati wa Wimbo mdomo hufunguliwa kwa maneno ya Wimbo tu. Basi akaimba kwa nguvu zaidi, huku akikonyeza macho yote mawili. Bi. Pulkeria alidhani ni uzalendo. Akambandika Kibwana kibandiko cha mistari shingoni, chini ya sikio, akakisoma kwa mashine. Pii. Akamwingiza kwenye kundi la vifaa vya nyumbani vinavyosimama vyenyewe.

Kibwana alihisi gundi ikishika. Lakini zilikuwa zimebaki beti tano.

* * *

Jioni, alipotaka kutoka, mlango ulipiga kelele.

"Rudi, rudi, rudi!" mlinzi alimkimbilia. "Umebeba nini?"

"Sina kitu, ndugu yangu. Nitabeba wapi, na mfuko sina?"

"Mashine haisingizii mtu. Geuka."

Akageuzwa, akapapaswa, akachunguliwa mdomoni, pale penye mapengo mlinzi akapachungulia mara mbili. Hatimaye akaona shingo.

"Eh! Mzee, mbona una bei?"

"Nibandue, tafadhali. Nina wageni nyumbani."

"Thubutu! Kubandua bei ni kuhujumu uchumi. Lete risiti."

"Risiti ya nini?"

"Yako."

Meneja akaitwa. Alikuja akitafuna kitu, akasikiliza, akameza, akaweka mikono nyuma.

"Mzee Kibwana, hili si jambo dogo. Hesabu imeshafungwa. Imeshapelekwa makao makuu, makao makuu wameshaipeleka Bodini, na Mwenyekiti ameshaisoma redioni. Taifa limeambiwa lina mali kiasi fulani, na limefurahi. Wewe ukitoka hapo mlangoni, taifa limepungua."

"Bosi, si unanijua? Mimi ni Kibwana."

"Mimi nakujua. Mfumo haukujui. Mimi na mfumo tukipishana, nani atafukuzwa?"

"Basi niandike tena kama mtu."

"Kama mtu?" Sauti ya meneja ilishuka kwa huruma. "Kama mtu umeshafutwa kazi, baba, kwa utoro. Mashine ya mahudhurio ilikutafuta kati ya wafanyakazi mchana kutwa, ikakukosa. Na mtu aliyefutwa kazi akikutwa dukani baada ya kufunga, huyo ni mwizi. Nikuitie polisi?"

Kibwana alifikiri. "Hapana."

"Unaona sasa? Lakini kama bidhaa, huna kosa hata moja."

Akarudishwa kati ya pasi na mapangaboi.

* * *

Ni lazima niwe mkweli: hali yake ilikuwa nzuri kuliko zamani. Kila asubuhi alifutwa vumbi kwa manyoya laini. Alikatiwa bima ya moto, mafuriko na vita. Alipata garantii ya mwaka mzima. Mchana jua lilipopiga kwenye vioo, alisogezwa kivulini asije akapauka, jambo ambalo halijawahi kufanyiwa keshia yeyote. Kitu pekee alichonyimwa ni kukaa, kwa kuwa kundi lake lilikuwa la vinavyosimama, na bidhaa inayokaa ingekuwa udanganyifu kwa mteja. Rafu aliendelea kuzipanga kama kawaida. Hiyo sasa haikuitwa kazi. Iliitwa maonyesho ya matumizi, na maonyesho hayana mshahara.

"Mwenzetu umepata," Skolastika alimwambia alipopita na toroli. "Mimi niliumwa mgongo mwezi mzima nikaambiwa nijinyooshe. Wewe ukipasuka unabadilishwa."

"Skola, mimi nataka kwenda kumuozesha mwanangu."

"Najua, baba. Natania ili nisilie mbele ya kamera. Kulia wanakata."

Si yeye peke yake aliyeliona hilo. Jumanne, wafanyakazi kadhaa walikutwa kati ya mapangaboi wamesimama tuli, mkono kifuani, wakisubiri kubandikwa. Meneja aliwakata siku mbili na kuwaambia kwamba ubidhaa hauombwi, mtu hupewa.

Wateja nao walikuja kumtazama. Mama mmoja mnene, mwenye pochi kubwa na haraka, alimzunguka mara mbili.

"Hiki kinafanya nini?"

Hapakuwa na muuzaji karibu, Kibwana akajibu mwenyewe. "Kinapanga rafu, mama."

"Umeme?"

"Hakitumii."

"Kinakula?"

"Kidogo."

"Kina kelele?"

"Hapana, mama."

Yule mama akaminya mkono wake hapa na pale, kama anayechagua parachichi. "Mume wangu yuko nyumbani tangu wamfungie duka lake. Hafanyi hata nusu ya haya, na kelele anazo." Akashusha pumzi, akachukua pasi, akaenda zake.

* * *

Jumatano alikuja mke wake, Bi. Zamzam. Alivuka vitambaa, akavuka masufuria, akasimama mbele ya mapangaboi, mikono kiunoni.

"Baba Siwema, ndiyo nini hii? Watu wameshafunga turubai, wewe uko kwenye mapangaboi?"

"Nimehesabiwa, mke wangu."

"Kwani hukutikisa mguu?"

"Ulipigwa Wimbo."

"Na wewe na utiifu wako! Siku ya harusi yetu sheikh alikwambia 'ngoja kidogo,' ukangoja nje mpaka watu wakala wakamaliza."

"Nilikula ukoko. Ulikuwa mtamu."

"Nyamaza. Geuza shingo." Akasoma bei. Ilikuwa bei ya pangaboi. "Kumbe rahisi hivi!" alisema kwa furaha. Kisha akasikia alichokisema. Akamfuta shingo kwa upindo wa kanga, taratibu, kuzunguka kibandiko bila kukigusa.

Alifungua fundo la kanga, akatoa michango ya harusi, ile ya kununulia nyama. Nyama, alisema, watu watakula kwa macho. Akamshika mumewe mkono mpaka kaunta ya tatu, wakasimama kwenye foleni nyuma ya mtu mwenye ndoo.

Skolastika aliinamisha shingo ya Kibwana kwenye mashine. Pii. Akasoma kioo, akasoma tena.

"Haikubali, mama."

"Pesa si hizi?"

"Si pesa. Inasema kundi hili linauzwa kwa jumla tu. Katoni ya sita."

"Sita!" Bi. Zamzam aliruka. "Niwapeleke wapi waume sita? Huyu mmoja tu ameshanishinda!"

Foleni nzima ilicheka. Hata Kibwana alicheka, kisha akakumbuka kwamba ni yeye. Meneja, ambaye kicheko humvuta kama moshi, alitokea nyuma ya sabuni.

"Mama, hata ungekuwa na fedha za katoni, haiwezekani. Sheria ya nchi yetu ni ya kisasa. Inakataza kabisa kununua binadamu."

"Basi kama ni binadamu, mwachie aende!"

"Kama ni binadamu ni mwizi. Nilishalizungumza naye, tukaelewana vizuri sana."

"Mmeelewana nini? Ijumaa anaozesha mtoto!"

"Mama, unapandisha sauti. Hii ni familia."

"Familia ya nani? Familia yake mimi!"

Kwa maneno hayo Bi. Zamzam aliandikwa kuwa mteja msumbufu na kupigwa marufuku kuingia Kipo, tawi lolote, nchi nzima. Kwa kuwa nchi ilikuwa na duka hilo moja tu, alishauriwa alime.

* * *

Alhamisi alikuja Waziri wa Rafu na Mizani kutoa tuzo ya Bidhaa Bora ya Mwezi. Kibwana, ambaye kwa miaka yake yote hakuwahi kuwa Mfanyakazi Bora kwa sababu ya meno, alishinda bila mpinzani. Walimvisha utepe mwekundu. Waziri akapanda kwenye kreti la meneja, na meneja akalishikilia lisiyumbe.

"Ndugu wananchi, wageni waalikwa, na bidhaa zote mliopo!" alianza Waziri. "Kwa muda mrefu tumekuwa taifa la kuagiza. Tumeagiza mapangaboi. Tumeagiza pasi. Tumeagiza hata vijiti vya kuchokolea meno, na miti tunayo! Leo nasimama mbele ya kifaa kilichotengenezwa hapahapa nchini, kwa malighafi ya hapahapa, kikakuzwa kwa uji wa hapahapa!"

Makofi.

"Hakitumii umeme!"

Makofi marefu.

"Hakidai!"

Watu wakasimama. Waziri akafuta jasho, akamsogezea Kibwana kipaza sauti kwa ucheshi. "Haya, bidhaa ina neno?"

Kibwana alikuwa amelifikiria neno hilo tangu Jumatatu, akalipanga kama anavyopanga rafu, zito chini, jepesi juu.

"Mheshimiwa, kesho Alasiri binti yangu anaolewa. Naomba niende nikamuozeshe. Nitarudi kabla hamjafunga."

Mpiga picha akashusha kamera. Waziri akamtazama Kibwana machoni, na kwa sekunde moja ilionekana kama vile aliona mtu. Kisha akawageukia wananchi.

"Mnasikia? Na kinaongea!"

Kicheko kilichofuata kilidondosha pasi mbili.

Baadaye, pembeni, Waziri alimwinamia sikioni. Hakuwa mtu mbaya; alinukia vizuri na alishika bega la Kibwana kwa heshima ya mkubwa wake kwa umri. "Mzee wangu, nimekuelewa sana. Nitaunda tume."

"Itamaliza lini, mheshimiwa?"

"Kabla ya hesabu ya mwakani. Na hiyo ya mwakani, nakushauri kama baba yangu: utikisike."

* * *

Ijumaa asubuhi Skolastika alitumwa kufuta vioo vya nje. Bi. Zamzam alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mahali ambapo marufuku inaishia. Walizungumza kwa muda mfupi, maana wageni walikuwa wameanza kufika nyumbani na vitunguu havijakatwa. Skolastika akarudi ndani na ndoo yake, akajifanya anafuta mapangaboi.

"Mama amekwenda kwa sheikh," alisema bila kumtazama Kibwana. "Sheikh amesema kitu hakiozeshi. Lakini mtu aliyezuiliwa anaweza kumpa ndugu yake uwakili. Umwandikie Mrisho, kwa mkono wako, kwa jina lako. Duka lisiweke neno humo."

"Siwema amesemaje?"

Skolastika alifuta jani la pangaboi ambalo lilikuwa safi. "Siwema amesema hataki kuanza bila wewe. Anasema watasubiri mpaka tume imalize."

Mteja mmoja akapita, akauliza unga wa ngano uko wapi, Kibwana akajibu kwa mazoea kwamba kipo, kinakuja. Mteja akashukuru.

"Mwambie asisubiri," alisema Kibwana.

Skolastika alimletea kipande cha karatasi iliyofungiwa boksi la birika, na kalamu ya kaunta pamoja na mnyororo wake. Kibwana aliandikia juu ya meza ya kupigia pasi, akiwa amesimama. Aliandika hivi:

"Mdogo wangu Mrisho. Mimi Kibwana bin Shomari, mtu, mwenye akili zangu, nakupa uwakili umuozeshe binti yangu Siwema kwa Jumbe, kwa mahari waliyokubaliana. Ukifika kwenye kutamka usiharakishe kama kawaida yako. Tamka asikie. Kanzu yangu nyeupe iko juu ya kabati, ivae wewe; mikono itakuzidi, ikunje. Bibi harusi akiuliza, mwambie sijambo. Nimezuiliwa na kazi."

Neno "mtu" alilifikiria. Alilifuta, akaliandika tena, akalikoleza wino.

Alikuwa anaikunja karatasi meneja alipotokea.

"Hiyo nini?"

"Barua, bosi. Ya harusi."

"Karatasi inayotoka kwenye bidhaa nayo ni bidhaa. Haipiti mlangoni bila muhuri." Akatoa muhuri wake mfukoni, yeye mifuko alikuwa nayo, muhuri mkubwa wa mpira ulioandikwa MALI YA KIPO, akaupulizia pumzi.

"Gonga nje, bosi," alisema Kibwana. "Kwenye bahasha. Ndani usiguse, tafadhali. Ukigusa ndani, mwanangu haozeshwi na mimi."

Meneja alishika muhuri hewani. Alitazama dari, na kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba dari halikumjibu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kamera.

"Bahasha iko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Bahasha ikaletwa kutoka rafu ya vifaa vya shule, na Skolastika akailipia kwa pesa yake, kwa sababu hata meneja asingeweza kuitoa bure. Kibwana akaitia barua ndani. Gundi ya bahasha za Kipo haikushika. Alilamba, akabonyeza, ikafunguka tena mbele yake. Ikabidi achukue utepe wa njano unaofungia bidhaa zilizoharibika, akaizungushia mara tatu, akabonyeza ncha zote kwa dole gumba. Meneja akagonga muhuri juu, kwa upole, kama anayegonga mlango wa mgonjwa.

Skolastika akaibeba mpaka nje. Mashine ya mlangoni haikulia. Adhana ya Ijumaa ilikuwa inasikika kutoka mtaa wa pili, na bodaboda mmoja alikuwa anajiandaa kwenda kuswali. Skolastika akamwomba aipeleke kwanza, akamweleza nyumba yenye turubai.

Bodaboda aligeuza bahasha, akatazama utepe, akatazama muhuri. "Ndani kuna nini, dada? Isije ikawa kitu cha kuvunjika."

"Kuna baba wa bibi harusi," alisema Skolastika.

Bodaboda akafungua zipu ya koti, akaiweka kifuani, akafunga zipu mpaka shingoni, akaondoka.